Dawa za Miti na Vijidudu Sugu Katika Nchi ya Rwenzori

Katika vitabu vya kemia limo neno moja ambalo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama. Neno hilo ni muzigadiali. Ni jina la kitu kikali kinachopatikana katika gome la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Warburgia ugandensis. Waganda huuita abasi, na Wakikuyu huuita muthiga. Habari za kitu hicho zilitangazwa mwaka wa 1977 na kundi la wanakemia lililoongozwa na Wajapani wawili, Isao Kubo na Koji Nakanishi. Utafiti huo ulihusiana na kazi ya kituo cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na swali lake la kwanza lilikuwa ni kitu gani kinachowafanya viwavi jeshi wakatae kula mti huo. Wanakemia walilichukua jina la mti kama walivyolipata huku kwetu, muziga, wakalitia mkia wa kikemia. Hivyo kiambishi cha ngeli ya miti, tunachowafundisha watoto mwaka hadi mwaka, kimeingia katika maabara za dunia nzima bila kuomba idhini ya chama chochote cha lugha.

Mwaka uliofuata, yaani 1978, baadhi ya wanakemia hao walitoa ripoti ya kwanza ya kupima mimea ya Afrika ya Mashariki dhidi ya vijidudu vya maradhi. Ya pili ilitoka mwaka wa 1993, nayo katika kichwa chake ilikiri waziwazi kwamba imefuata majaribio ya waganga wa jadi. Neno majaribio ndilo la kutazamwa. Mganga hapo hakutajwa kuwa mwenye mizimu wala mwenye siri. Alitajwa kuwa mtu aliyejaribu mapema zaidi.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba dawa za miti za sehemu zetu za magharibi ya Uganda zina historia yenye tarehe, majina na vipimo, na kwamba historia hiyo inatuhusu sana leo, wakati dawa za hospitali zinapoanza kushindwa na vijidudu.

Kwanza yafaa tulitazame neno sugu lenyewe. Sugu, kama tujuavyo wote, ni ngozi iliyokomaa kwa kuguswa mara kwa mara, kama kiganja cha mkulima kinavyokomaa kwa mpini wa jembe. Waliolichagua neno hili kwa ajili ya vijidudu vinavyostahimili dawa walichagua vema, ila lina kasoro moja ambayo mwalimu hana budi kuieleza darasani. Kiganja hukomaa chenyewe, ilhali kijidudu kimoja kimoja hakikomai hivyo. Dawa inapoingia, vilivyo dhaifu hufa. Vichache vilivyotokea kuwa na kinga hubaki, navyo huzaana haraka mno mpaka vikajaza nafasi ya vilivyokufa. Tena vijidudu vya namna mbalimbali huweza kupeana kinga hiyo, kama majirani wapeanavyo moto. Kwa hiyo mgonjwa aliyeacha dozi katikati, au aliyekunywa vidonge viwili kwa ugonjwa unaotaka vidonge ishirini na moja, huweza kubakiza vile vilivyo hodari.

Jambo hili halikufichika hata siku moja. Alexander Fleming aliiona penisilini mwaka wa 1928, na alipopewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya katika hotuba yake kwamba mtu akitumia dozi ndogo mno atavifundisha vijidudu kuistahimili. Katika miaka ya 1950 vijidudu vya usaha viitwavyo stafilokokasi vilikuwa vimeishinda penisilini katika hospitali nyingi. Methisilini ilitolewa mwaka wa 1959 ili kuvikomesha, na kufikia mwaka wa 1961 huko Uingereza vilikuwa vimekwisha kupatikana vilivyoikataa hiyo pia. Makadirio yaliyotangazwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba katika mwaka wa 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya usugu huo, na mzigo mkubwa uliangukia Afrika iliyo kusini ya Sahara. Serikali ya Uganda iliweka mpango wa taifa wa kupambana na jambo hili mwaka wa 2018.

Sasa tuje Kasese na Bwera. Kasese ni mji wa shaba. Reli iliufikia mwaka wa 1956 kwa ajili ya migodi ya Kilembe, na wafanyakazi walikuja kutoka kila upande, nao Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana baina yao. Bwera iko mpakani, karibu na daraja la Mpondwe. Ng'ambo yake ni Kasindi katika Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule wana lugha ambayo ni karibu moja. Siku ya soko bidhaa huvuka mto pande zote mbili, na katika bidhaa hizo zimo magome na mizizi, na vilevile zimo dawa za dukani zinazouzwa kidonge kimoja kimoja. Tetrasaiklini, ile kapsuli ya rangi mbili, hufunguliwa na unga wake kumwagwa juu ya kidonda. Anayefanya hivyo huamini ametumia dawa ya kizungu, na anayetandika majani juu ya kidonda huitwa mshamba. Lakini kama ni kulisha usugu, basi huyu wa kapsuli ndiye hodari zaidi.

Tiba ya vidonda kwa mimea katika nchi hizi iliandikwa mapema, na aliyeiandika alikuwa daktari. Robert Felkin, Mwingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, alikuwako mahali paitwapo Kahura katika Bunyoro mwaka wa 1879, akashuhudia mganga akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Alichapisha habari hizo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka wa 1884. Nitazieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi huzitaja juu juu wakaacha mambo yaliyo muhimu.

Mama yule alikuwa amelazwa juu ya kitanda kilichoinamishwa, naye alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa kiasi. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaosha na tumbo la mama kwayo, kisha akaosha kwa maji. Alipokwisha kukata, msaidizi wake aliigusa mishipa iliyovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa salama. Baadaye jeraha lilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushiwa uzi wa gome la mti. Ndipo ikaja dawa yenyewe: mizizi ya namna mbili ilitafunwa na rojo yake kutemwa chunguni, ikapakwa juu ya jeraha lote; juu yake likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, na juu ya jani nguo ya gome iliyokazwa sawasawa. Misumari ilianza kutolewa siku ya tatu. Siku ya kumi na moja Felkin aliandika kwamba jeraha limepona kabisa, na mama hakuwa amepata homa ya kutisha.

Tusisahau wakati wenyewe. Lister alianza kutangaza kuosha majeraha kwa asidi ya kaboliki mwaka wa 1867 tu, na miaka kumi na miwili baadaye wapo madaktari wengi wa Ulaya waliokuwa bado wakimbishia. Upasuaji wa namna hii huko Ulaya uliwaua akina mama wengi. Mganga wa Kahura alitumia kileo, moto, rojo la mizizi na kifuniko safi cha jani lililopita motoni, kila kimoja kwa mahali pake. Shahidi wetu ni mmoja, na hakutuachia majina ya mizizi ile miwili. Hilo la pili ndilo linaloniuma mimi mwalimu wa lugha. Felkin alihesabu misumari, akapima joto la mgonjwa, akachora hata umbo la kisu. Majina mawili ya Kinyoro yangalimgharimu nusu ya mstari.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Lugard alipita mwaka wa 1891, akajenga ngome Katwe penye ziwa la chumvi. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na Albert Cook mwaka wa 1897. Wamisionari waliona kwamba dawa ya mganga haitenganiki na ibada ya mizimu, na kwa Wakonzo, ambao mganga wao huitwa omukumu, mara nyingi hiyo ilikuwa kweli: mtu huyohuyo alijua mizizi na pia alizungumza na walinzi wa mlima. Sheria ya uchawi ya mwaka wa 1957 ilijaribu kutenganisha mambo haya. Ilisema kwamba uchawi hauhusiani na kutengeneza na kuuza kwa nia njema dawa za wenyeji. Kifungu hicho ni kizuri, lakini mkulima wa mlimani hasomi vifungu. Alilojua ni kwamba mtoto wa shule aliyepakwa dawa ya babu yake alichekwa na wenzake.

Katika vita vya Rwenzururu, vilivyoanza mwaka wa 1962 na kumalizika kwa mapatano mwaka wa 1982, watu wengi wa milimani walikaa mbali na serikali na zahanati zake. Mimea ilirudi kuwa tegemeo lao bila mtu yeyote kuitangaza. Mwaka wa 1991 mlima ukawa hifadhi ya taifa, na mtafuta mizizi akatakiwa kuwa na ruhusa ya kuingia mahali ambapo nyanya yake aliingia kwa kikapu tu.

Kabla ya kuendelea na maabara za leo, sina budi kupitia ugonjwa mmoja, yaani ukoma. Nauchagua kwa sababu ni ugonjwa wa bakteria, kwa sababu uliwahi kutibiwa kwa mafuta ya mbegu za mti, na kwa sababu usugu uliingia ndani yake katika namna tunayoweza kuifuata hatua kwa hatua. Katika kusini-magharibi ya nchi yetu, mwaka wa 1931, daktari Leonard Sharp alianzisha makazi ya wakoma katika kisiwa cha Bwama, Ziwa Bunyonyi. Dawa ya ukoma ya miaka hiyo, duniani kote, ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yanayokamuliwa katika mbegu za miti ya India na Burma. Mafuta hayo ni mazito na ya kuchafua moyo. Mgonjwa akiyanywa huyatapika, na akichomwa sindano huvimba. Aliyepata njia ya kuyafanya yaweze kuchomwa mwilini kwa nafuu alikuwa msichana Mwamerika mweusi, Alice Ball, aliyekuwa akifundisha kemia Hawaii. Alifariki mwaka wa 1916 akiwa na umri wa miaka 24. Hata hivyo dawa hiyo iliwafaa baadhi ya wagonjwa na haikuwafaa wengine.

Katika miaka ya 1940 ikaja dapsoni, kidonge rahisi cha kiwandani, na chaulmoogra ikawekwa kabatini. Wakoma waliambiwa wanywe dapsoni peke yake, wengine kwa maisha yao yote. Mwaka wa 1964 ilithibitishwa huko Malaysia kwamba bakteria wa ukoma wamekuwa sugu kwa dapsoni. Usugu huo ulienea hata mwaka wa 1982 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba ukoma utibiwe kwa dawa tatu pamoja: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Maana yake ni kwamba kijidudu kinachoikwepa ya kwanza hunaswa na ya pili.

Mwaka wa 2000 yalitokea mambo ambayo yameirudisha chaulmoogra mezani kwa njia isiyotarajiwa. Watafiti wa Marekani walikuwa wakichunguza vichaka vya Berberis, ambavyo vina kitu cha manjano kiitwacho berberini. Berberini huua stafilokokasi, lakini kwa unyonge, kwa sababu bakteria hao wana pampu ndogo katika ngozi yao, nayo huitoa sumu nje mara inapoingia. Watafiti waliona kwamba ndani ya mmea huohuo kimo kitu cha pili, ambacho peke yake hakiui kijidudu chochote. Kazi yake ni kuiziba ile pampu. Vikiwa pamoja, berberini huwa kali mara nyingi zaidi. Na kitu hicho cha pili kilikuwa kimekwisha kujulikana: kiliwahi kuonekana, kwa kiasi kidogo, katika mafuta ya chaulmoogra.

Msomaji atanielewa sasa kwa nini nilisimama juu ya ile mizizi miwili ya Kahura. Sidai kwamba mmoja uliua vijidudu na mwingine ukaziba pampu. Hakuna wa kulithibitisha hilo. Nasema tu kwamba desturi ya maabara kwa muda mrefu imekuwa kuutwanga mmea, kuutenga vipande vipande, na kuuliza ni kipande kipi kinachoua. Kipande kisichoua hutupwa. Chombo cha mganga wa Bunyoro kilikuwa na viwili, na daktari aliyesimama kando yake hakuuliza kwa nini.

Tuseme sasa habari za mmea ambao kila mtu wa Kasese anaujua. Ni ule mchungu uitwao mululuza kwa Kiganda na omubirizi kwa Kinyankole. Wanyarwanda husema umubirizi, na Watongwe wa Tanzania, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, husema mjonso. Wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Mnamo Novemba 1987, katika milima ya Mahale, Mwamerika wa masomo ya sokwe alikuwa na mwenzake Mtongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, ambaye aliijua mimea ya dawa ya kwao. Michael Huffman na Mohamedi walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la mjonso, akambandua maganda na kutupa majani, akatafuna moyo wa tawi na kunyonya maji yake machungu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Mohamedi ndiye aliyesema kwamba huo ni mti wa dawa ya tumbo kwa watu wake. Uchunguzi wa baadaye ulieleza kwa nini sokwe alitupa majani: kitu kiitwacho vernodalini, chenye nguvu na chenye sumu, kimejaa zaidi majanini kuliko katika moyo wa tawi. Mnyama alijua kipimo. Sisi twaona mtu akichemsha majani sufuria nzima na kumnywesha mtoto kikombe kizima.

Karibu zaidi nasi, katika msitu wa Budongo ulioko Bunyoro, watafiti walioongozwa na Elodie Freymann walifuata sokwe wagonjwa na waliojeruhiwa, wakaokota sehemu za mimea waliyoila. Matokeo yalichapishwa Juni 2024. Mimea ilikuwa ya jamii 13, na maji yake yaliyokamuliwa yalipimwa Ujerumani dhidi ya bakteria, wakiwamo wale sugu. Katika kila mia, 88 yalizuia bakteria kukua, na 33 yalipunguza uvimbe. Mti wa Alstonia boonei ulitia fora, hasa mbao zake zilizokufa. Kabla ya hapo, mwaka wa 2020, mimea ya waganga wa Mpigi katika Uganda ilipimwa vilevile, na baadhi yake haikuwaua bakteria bali iliwazuia kupelekeana habari. Bakteria, kumbe, hawashambulii kabla ya kuhesabiana; hutoa ishara mpaka wajue kwamba wametosha. Dawa inayoyakata mazungumzo hayo haimlazimishi kijidudu afe, na kwa hiyo yawezekana isiharakishe usugu. Sisi walimu wa lugha tuna sababu ya kulipenda jambo hili.

Lakini kisahani cha maabara si mwili wa mtu, na hapa napenda niwe mkali kidogo, kwa sababu magazeti na redio hulipita jambo hili mbio. Kwanza, maabara hukamua majani kwa pombe kali za kemia, ambazo huvuta vitu ambavyo maji ya moto hayavivuti. Jani lililochemshwa nyumbani huenda lisiwe dawa ileile. Pili, kitu kinachoua bakteria kisahanini huhitaji mara nyingi wingi ambao damu ya mtu haiwezi kuubeba bila kumdhuru. Kwa maoni yangu ndiyo maana tumaini lililo karibu liko juu ya ngozi, katika vidonda, majipu na upele, mahali ambapo rojo hukutana na kijidudu uso kwa uso. Kishona nguo, ile mbegu inayonata katika sare za wanafunzi, hukamuliwa juu ya michubuko katika nchi nzima, na ndani yake kweli kimo kitu kinachoua bakteria, hasa jua likikipiga. Ajabu ni kwamba mmea huo asili yake ni Amerika. Wahenga wetu waliujifunza ulipofika, na hiyo ni hoja nyingine ya kwamba walikuwa watu wa kujaribu. Homa ya matumbo, kichomi, au sumu iliyoingia damuni ni habari nyingine kabisa. Huyo apelekwe Bwera hospitali usiku huohuo. Na hata kidondani, jani lililookotwa chini na udongo wake huweza kuleta pepopunda.

Upande wa pili wa mto ulitoa onyo zito. Katika mlipuko wa Ebola wa mwaka wa 2018 huko Beni, watu wengi, watoto hasa, waliambukizwa katika vituo vilivyochanganya tiba za jadi na sindano za kisasa bila usafi. Ugonjwa huo ulivuka mpaka ukafika wilaya ya Kasese Juni 2019. Ebola si bakteria, lakini sindano chafu haichagui. Kilichoharibu pale si mzizi wala kitabu. Ni kwamba mtu alichukua chombo cha wenzake bila kuchukua na kanuni yake.

Sheria mpya ya tiba za jadi ilitungwa Uganda mwaka wa 2019, ili waganga waandikishwe na dawa zao zijulikane. Maabara ya dawa za asili iliyoko Wandegeya, Kampala, imekuwako tangu miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Mbarara nacho kina kituo chake. Mahali pa kupeleka jani, basi, papo. Kilicho adimu ni mti wenyewe. Dawa nyingi za nguvu, muziga ukiwa mmojawapo, ziko katika gome, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Mti wa milimani uitwao Prunus africana, uliovunwa kwa ajili ya viwanda vya dawa vya Ulaya, ulihitaji kuwekwa chini ya ulinzi wa biashara ya kimataifa mwaka wa 1995.

Jingine lililo adimu ni majina. Katika shule ninayofundisha, upande wa Bwera, wanafunzi wa kidato cha tatu walipewa kazi ya kuwauliza wazee wao mimea ya vidonda. Walichora safu nne: Lhukonzo, Kiswahili, sehemu ya mmea inayotumika, na jinsi ya kuitengeneza. Safu ya kwanza ilijaa kwa siku mbili. Ya pili ilikuwa na mapengo mengi, na neno moja, "dawa ya kidonda," liliandikwa mbele ya mimea mitatu iliyo tofauti kabisa. Jina moja la Kikonzo lilikuja kutoka vijiji viwili likiwa na majani mawili yasiyofanana. Safu ya nne karibu yote ilikuwa nyeupe, kwa sababu watoto waliuliza "Ni mti gani?" wakasahau kuuliza "Kiasi gani, na kwa siku ngapi?" Tumewarudisha kwa wazee wao na maswali hayo mawili. Safari hii kila mmoja atakuja na tawi lenye ua, likiwa limekandamizwa katikati ya magazeti makuukuu, na jina la kijiji limeandikwa pembeni, ili mtaalamu wa mimea aweze kutuambia ni yapi yaliyo mamoja na ni yapi yaliyo mawili.